Kufuta Mara Mbili

Kitambaa kile nilikishika mimi.
Mchungaji ashike kikombe, mimi nifute ukingo,
kila mnywaji mara moja, robo duara, kisha anayefuata.
Miaka kumi na moja, usharika wetu wa Mabibo,
na mkono wa karani wa reli haukosei hesabu.

Jumapili ile akaja Ndeshukurwa, muuza ndizi,
gauni limemzidi mabega.
Akanywa, akasema amina,
nami nikafuta.
Halafu nikafuta tena.

Hakuna aliyenituma. Mahubiri ya siku ile yalihusu zaka.
Lakini benchi la mbele liliona,
na jicho la kanisa halihitaji kipaza sauti.
Mwezi uliofuata waliopanga foleni nyuma yake walikuwa tisa.
Kisha wanne. Kisha kikohozi, kiatu kilichofunguka kamba,
mtoto aliyelia ghafla nje,
sababu mia za kurudi kukaa.

Akajua. Akaanza kusimama wa mwisho,
kama mtu anayerudisha mlango taratibu asiwaamshe wenye nyumba.
Nami nikamshukuru moyoni kwa adabu yake.
Ninaliandika hili lisomwe: nilimshukuru.

Chumba chake kimepakana na cha Bi Mwatumu,
ukuta mmoja wa tofali za saruji, plasta iliishia nusu.
Adhana ya Isha ikilia,
Bi Mwatumu hugonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko:
"Jirani, umemeza?"
"Nimemeza."
Ndipo hutandika mswala.
Muadhini hajui mpaka leo
kwamba yuko Mlutheri anayekunywa dawa kwa sauti yake.

Sisi tulikuwa na mikesha.
Alikuja mgeni, suti nyeupe kama maziwa,
akasema wenye imani watupe vidonge miguuni pake.
Vikopo vikaanguka, vikalia kama njuga.
Ndeshukurwa aliukumbatia mkoba wake; tukamwita mwenye shaka.
Joeli, kijana wetu wa tarumbeta, alitupa vyake.
Tulimzika Oktoba.
Kwaya iliimba vizuri sana.

Bibi Kokushubira hakusimama kuhutubia; magoti hayamruhusu.
Alihama Kamachumu miaka ya tisini,
nyuma yake makaburi manne kwenye mgomba.
Ugonjwa huu anaujua kwa majina ya wanawe.
Siku ya Meza ya Bwana alikaa mpaka watu wote wakapita,
akainuka na mkongojo, akasimama nyuma ya Ndeshukurwa.
Nikafuta mara mbili. Mkono ulikwisha kuzoea.
Akanitazama:
"Karani, unachofuta hapo ni mate, au ni jina lake?"
Akakigeuza kikombe, akanywa palepale aliponywa mwenzake,
mkupuo mkubwa, mchungaji akashtuka,
divai ikamchuruzika kidevuni
na mimi, mwenye kitambaa, sikujua nifute nini.

Nisidanganye, kanisa halikubadilika siku ile.
Wawili walihamia usharika mwingine.
Mmoja aliomba vikombe vidogo vya plastiki, tukavinunua,
navyo vimetusaidia kuficha mengi.
Ila Jumatano ya kliniki sasa yupo anayebaki na meza ya ndizi.
Tunapokezana. Zamu yangu ni wiki ya pili,
nami ni muuzaji mbaya, nawapa watoto nyongeza.
Mgeni wa suti alipoomba mkesha mwingine,
baraza lilimwandikia swali moja tu: Joeli ulimwambia nini?
Hajajibu.

Juzi Bi Mwatumu alikwenda msibani Kisarawe,
na umeme ukakatika mtaa mzima,
msikiti nao ukawa kimya.
Nilikuwa nje pale na mauzo ya siku, noti za mia tano zimelowa utomvu.
Saa yangu ya reli ikasema saa mbili kasoro tano.
Nikaenda upande wa pili, kwenye ukuta ule usio na plasta.
Nikagonga kwa kifundo cha kidole.
Halafu nikagonga tena.